Mwanamke Aliyevikwa Jua na Jirani Mwenye Macho Mekundu

Tarehe 15 Agosti, sikukuu ya Bikira Maria kupalizwa mbinguni. Upepo umetoka ziwani tangu asubuhi, mkavu, na vumbi la mlimani limeingia mpaka kwenye kabati la vyombo. Mvua hakuna wala dalili yake.

Mwanangu Agnesi, umenipigia simu baada ya misa ukaniuliza swali, nami sikukujibu vizuri. Mimi si mtu wa maneno ya haraka. Ulisema, "Mama, yule mwanamke wa kwenye somo la leo ni Bikira Maria, hilo nimeelewa. Sasa joka ni nani?" Nikakuuliza sababu ya kuuliza. Ukasema kuna mtumishi umemwangalia kwenye simu, anafundisha kwamba kila mwanamke mwenye mimba ana joka lake, na joka hilo hukaa karibu na mlango wake. Kisha, kama mtu anayetaja jambo lisilohusiana kabisa, ukaniambia mama mwenye nyumba wako hapo Kiseke anakutazama sana tumbo, na kwamba uji aliokuletea juzi ulikwenda kuumwaga kwenye mtaro.

Tangu hapo sijatulia. Nimekaa nyuma ya nyumba naandika. Kesho ndugu yako Deo akienda kazini Nyakato atapitia kwako akupe karatasi hizi. Nimesoma mpaka darasa la saba tu, kwa hiyo pale nitakapokosea mambo ya Biblia muulize padre, usinishike mimi. Lakini ya kwetu Ilemela nayajua, maana niliyaona.

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo kila mwaka somo hili likisomwa hunirudia yote, hadi harufu yake. Nilikuwa na umri kama wako wa sasa. Baba yako alikuwa amenioa mwaka uliotangulia, wewe ulikuwa bado hujafikiriwa, na tulikaa uani kwa mama mkwe wangu, bibi yako Koleta, pale juu kwenye mawe, unapoweza kuona ziwa na huku ukigombana na jirani kwa sauti ya kawaida, jinsi nyumba zilivyosongamana.

Parokia yetu ilikuwa na desturi. Siku tisa za novena kabla ya sikukuu ya Kupalizwa, sanamu ya Mama Maria ilizungushwa katika nyumba za jumuiya. Leo inalala kwako, kesho jioni watu wanakuja, tunasali, tunasoma, kisha tunaibeba kwa nyimbo mpaka kwa jirani anayefuata. Hakuna nyumba iliyorukwa. Hata mlevi alipelekewa, akashinda siku hiyo akinywa chai. Ilikuwa sanamu ya plasta, na kidole kimoja kilikuwa kimekatika. Chini ya miguu yake kulikuwa na mwezi, na chini ya mwezi nyoka.

Na katika kusoma pia tulikuwa na desturi, ambayo hata leo mnayo. Somo likishasomwa, kila mmoja anataja neno lililomgusa, basi. Hahubiri. Msomaji nilikuwa mimi, kwa sababu nilisoma bila kukwama, na naungama nilijisikia.

Sasa nikutajie Gervas. Alikuwa kijana mwenye cherehani, fundi wa suruali, aliyewahi kukaa seminari akaacha. Sitaki kumchora vibaya, maana ndiye aliyembeba baba yako kwenye baiskeli alipovunjika mguu, na hakuna msiba wetu ambao hakuchimba kaburi. Mwaka mmoja kabla ya hayo mkewe alifariki akijifungua, na mtoto akamfuata. Tangu hapo alisoma sana kitabu cha Ufunuo. Sisi tulisema, heri asome kuliko anywe.

Sanamu ilipokuwa nyumbani kwake tulisoma somo hili la leo, la mwanamke aliyevikwa jua, mwezi chini ya miguu yake, nyota kumi na mbili kichwani, na joka jekundu mbele yake. Tukaanza kutaja maneno. Mmoja akasema limemgusa jua, mwingine nyota. Mzee Paskali, mwenyekiti wetu, ambaye alikuwa akikohoa kila alipotaka kuepa uamuzi, akasema yeye zimemgusa nyota kumi na mbili, lakini hajui kama ni mitume au ni miezi. Watu wakacheka. Gervas hakucheka. Zamu ilipofika kwake alisimama, na kusimama si desturi.

Alifafanua vizuri, mwanangu. Lazima niseme hivyo. Alisema jua ni neema, na Maria amevikwa neema kama mtu anavyovikwa nguo na mwingine, hakujivika. Alisema mwezi ni mambo yote yanayokua na kupungua, leo unene kesho wembamba, na Maria ameyakanyaga kwa sababu yeye hakubadilika. Mpaka leo nikiona mwezi nayakumbuka maneno yake.

Kisha akashusha sauti.

"Tumemjua mwanamke. Lakini somo lina wawili. Joka lilisimama wapi? Mbele ya mwenye mimba, ndugu zangu. Halikusimama porini, lilisimama karibu, likingoja azae limle mtoto. Na rangi yake tumeambiwa ni nyekundu. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Sitaji mtu."

Sitaji mtu! Mwanangu, niliyashuku maneno hayo pale pale, lakini nilikuwa mdogo, nikadhani shaka yangu ni ujinga wangu. Anayesema hataji mtu ameshataja, ila ameacha masikio ya watu yamalizie kazi. Na macho nayo yakafuata. Nilimwona Skola, jirani yetu wa chini, aliyekuwa na mimba kubwa baada ya kupoteza mbili, akivuta kanga juu ya tumbo. Halafu nikaona watu wanatazama mlangoni.

Mlangoni alikaa Bibi Kabula. Alikaa pale siku zote kwa sababu kazi yake ilikuwa kubanika samaki, na nguo zake zilinuka moshi, naye hakupenda kuwakera watu. Alikuwa mjane, watoto wake wametawanyika huko migodini na hawamkumbuki. Moshi ulikuwa umemla macho, yakawa mekundu kama nyanya. Wewe umezaliwa baadaye, hujui. Siku hizo, na si siku hizo tu, bibi mwenye macho mekundu katika mikoa yetu hii alikuwa mtu wa kuhesabiwa mchawi. Wengine walikutwa wamekatwa mapanga, na kijiji kizima hakikuona kitu.

Na kwa haki nikuambie yote. Bibi Kabula hakuwa malaika. Alisema peke yake njiani. Bombani alikuwa mkali, akiona umeingiza ndoo mbele ya yake atakutukana mpaka bibi yako mzaa baba. Na ni kweli kwamba wiki chache kabla alimwambia Skola mbele yangu, "Tumbo hilo limekaa vibaya, ng'wanawane, mwanangu, nenda ukapimwe." Mimi nilisikia nasaha. Skola alisikia kitu kingine. Nani alisikia sawasawa? Maneno yalikuwa yale yale.

Toka jioni ile mambo yakaanza. Hakuna aliyetangaza. Wanawake walionunua samaki wake wakawa wanasema leo tumekula mboga. Bombani foleni ikawa inajikunja kumpisha, na wewe unajua foleni ya maji haimpishi mtu kwa heshima. Jioni, kabla giza halijaingia, jiwe likaanguka juu ya bati lake. Kesho yake mawili. Wanaume wakitoka kutazama, hayupo mtu. Watoto wakaambiwa wasipokee kitu kutoka kwake. Watu wakasema lisemwalo lipo, kama halipo laja. Nami nikajiuliza, na methali hii nayo ni ya nani? Methali ni kama kisu, kinakata kitunguu na kinakata kidole, chenyewe hakichagui.

Sanamu ikafika kwetu kwa bibi yako Koleta. Orodha ilikuwa inajulikana: kutoka kwetu inakwenda kwa Bibi Kabula, kutoka kwake inakwenda kwa Skola. Asubuhi hiyo Bibi Kabula alikuja akasimama nje ya uzio wetu.

"Hodi hapa."

"Karibu, bibi. Shikamoo."

"Marahaba. Mjukuu wangu, nina meza, sina kitambaa. Mama anakuja kwangu leo. Nisaidie kile chenu cheupe, nitakifua."

Nilikwenda kukichukua. Nikakishika, nikasimama nacho kabatini. Nilijiambia nakiangalia kama kina doa. Bibi yako Koleta alinitazama kutoka jikoni akaniuliza, "Kitambaa kimekufa mkononi?" Nikatoka nikampa.

Jioni watu wakaja. Na nikuambie, kwa kawaida hujaa nusu, siku hiyo uwanja ulijaa mpaka waliokuwa hawasali. Nilishuku ujio wao. Mtu asiyefika kwenye rozari mwaka mzima, anafuata nini leo? Bibi Kabula alikuja amevaa kanga safi, akakaa kule kule mwisho, karibu na uzio. Mzee Paskali akakohoa mara kadhaa.

"Tumsifu Yesu Kristo."

"Milele na milele, amina."

"Ndugu, sisi viongozi tumekaa tukaona, kwa kuangalia hali, na kwa ajili ya amani, leo Mama apitilize. Aende moja kwa moja kwa Skola. Ana mzigo, anamhitaji zaidi. Kwa Bibi Kabula tutapanga siku nyingine."

Hakuna aliyeuliza siku gani. Mwanangu, elewa uzito wake. Halikuwa suala la kuchelewa kwa sanamu. Nyumba ambayo Mama Maria ameiruka mchana kweupe, mtaa mzima ukiona, hiyo imetiwa alama. Aliyekuwa anarusha mawe kwa kuvizia sasa angekuwa amepewa ruhusa na watu wa sala. Kila mtu mzima pale uani alilijua hilo. Hata Mzee Paskali alilijua, ndiyo maana alikuwa anatazama viatu vyake.

Bibi yako Koleta alikuwa amekaa kwenye kigoda, miguu ameinyoosha kwa sababu ya magoti. Alisema tu, "Tusome kwanza. Nyumba yangu hamtoki bila neno."

Nikasoma. Mwanamke, jua, mwezi, joka, mtoto akanyakuliwa kwenda kwa Mungu, na mwanamke akakimbilia nyikani. Nikaishia hapo. Watu wakaanza kutaja maneno yaliyowagusa, haraka haraka, kama watu wanaolipa nauli. Gervas akasema, "Joka." Neno moja tu, na hakusimama. Zamu ikazunguka mpaka kwenye uzio. Nadhani wengi walitumaini itarukwa, lakini Bibi Kabula alishaanza kusema. Alisema polepole, Kiswahili chake kilikuwa cha kutafuta.

"Mimi limenigusa la kukimbia. Yule mama alikuwa anawindwa, akakimbia nyikani. Kule Mungu alishamtengenezea mahali pa kukaa. Mimi nawaza tangu juzi, nyika yangu iko wapi? Magu kwa ndugu zangu wamekwisha wote. Mwanza nimekuja msichana. Basi. Hilo ndilo."

Mwanangu, nilikuwa nimelisoma somo hilo mwenyewe, kwa sauti ya kujisikia, na sikuwahi kufikiri kwamba mtu anaweza kuwa amekaa uani petu akijiona ni yule mwanamke, wakati sisi tumeshampangia kuwa yule mwingine. Hakuwa na mimba, hakuwa na nyota. Alikuwa anawindwa tu. Nilitazama chini. Kuku mmoja akapita katikati ya watu, hakuna aliyemfukuza.

Bibi yako Koleta akasema, "Anastazia, mbona umekomea hapo? Karatasi imekwisha?"

"Somo la misa linaishia hapa, mama."

"Biblia je?"

Nikafungua nikaendelea. Nikasoma vita vya mbinguni, joka likatupwa chini, na sauti kubwa ikasema ametupwa yule mshitaki wa ndugu zetu, anayewashitaki mchana na usiku.

"Hapo. Rudia hapo."

Nikarudia.

"Kazi ya joka ni nini?"

"Kushitaki, mama."

"Linamshitaki nani?"

"Ndugu zetu."

Akamgeukia Gervas. Wote tulidhani atamchana. Alikuwa na ulimi, bibi yako, unamkumbuka. Lakini alisema taratibu:

"Gervas, baba. Siwezi kukuita joka. Nikikuita hivyo, na mimi nitakuwa nimeshitaki, tutakuwa mashetani wawili uani kwangu na chai haijaiva. Nakuambia hili tu: hiyo kazi ina mwenyewe. Usimsaidie, hatakulipa."

Kuna waliocheka, kicheko cha woga. Gervas akainuka. Uso wake ulikuwa umevimba.

"Mama Koleta. Mke wangu alikufa. Mtoto wangu alikufa. Alikuwa mzima, alikuwa anapiga teke. Basi niambie wewe, nani alimla?"

Kicheko kikakauka. Mimi nilikuwa nimemshuku Gervas siku zote hizo, nikimwona mtu wa kujikweza kwa maandiko. Nikasikia swali lile nikajua kwamba hakuwa anatafuta sifa. Alikuwa anatafuta mtu wa kumdai wafu wake.

"Sijui, baba," bibi yako akasema. "Ningejua ningekuambia siku ile ya msiba. Sijui."

"Basi unajuaje kwamba si yeye?"

"Hilo pia sijui. Sijui, ndiyo maana sishiki panga. Nashika sanamu."

Akajiinua kwenye kigoda, akashika magoti, akasimama. Akaenda mezani akamkumbatia Mama Maria kama mtu anavyombeba mtoto aliyelala. "Anastazia, mshumaa."

Nikawasha mshumaa, upepo ukauzima, nikawasha tena nikaukinga kwa kiganja. Tukatoka. Mwanzoni tulikuwa wawili, na Bibi Kabula nyuma yetu. Bibi yako akaanzisha wimbo, sauti yake mbaya kama unavyoijua. Nilisikia kikohozi nyuma, nikajua Mzee Paskali anakuja. Halafu viatu vingine. Sikugeuka kuhesabu. Nilipofika mlangoni nikaona wamekuja kama nusu, labda pungufu. Skola alibaki amekaa kwenye benchi kwetu. Gervas alibaki pia, kichwa mikononi.

Ndani kwa Bibi Kabula palikuwa pamefagiliwa mpaka udongo unang'aa. Kitambaa chetu cheupe kilikuwa mezani, na maua ya msufi—hapana, nadanganya, hayakuwa ya msufi, nafikiri yalikuwa ya mbangi mwitu, yale ya njano ya kandokando ya njia. Alikuwa ameyaweka kwenye kopo la maziwa. Tulisali. Hapakuanguka jiwe.

Kesho yake sanamu ilipelekwa kwa Skola, na ilibidi aipokee kutoka mikononi mwa Bibi Kabula, maana ndivyo desturi ilivyotaka. Aliipokea. Lakini alikuwa amezungushia kanga mikono yake yote miwili, asiguse alipogusa yule. Bibi Kabula aliona. Alisema, "Mama akulinde, ng'wanawane," akaondoka.

Ungependa nikuambie kwamba watu walitubu. Sikumbuki hivyo. Skola alijifungua hospitali, kwa kisu, maana mtoto kweli alikuwa amekaa vibaya, akapata msichana mwenye afya. Na unajua mtaa ulisema nini? Ulisema, mmeona, Mama Maria amelikanyaga joka mle mle ndani ya nyumba yake. Yaani waliendelea kuamini kwamba ni yeye, ila sasa wakamwona amefungwa, hana meno. Mawe yakakoma. Samaki wakanunuliwa tena, kwa mbali. Aliishi miaka mingi baadaye, akafa kitandani kwake kwa uzee, jambo ambalo kwa bibi wa macho mekundu halikuwa dogo. Siku ya mazishi yake bibi yako Koleta aliniambia, "Mimi nilitaka wampende. Nikapata wamwache. Nikachukua hicho nilichopata." Gervas ndiye aliyechimba kaburi.

Na aliyekuwa anarusha mawe hakujulikana. Mimi nilimshuku Gervas, nikakaa na shaka hiyo miaka. Baadaye nikakumbuka kwamba jioni zile mara mbili tatu alikuwa kwetu akipima suruali ya baba yako, na jiwe likaanguka huku tunamwona. Nikamhamishia Mzee Paskali. Nikafika mahali, mwanangu, nikamshuku baba yako mwenyewe, kwa sababu jioni moja alirudi ana vumbi jeupe la mawe mikononi. Baba yako alikuwa akivunja kokoto za kuuza! Kila siku alirudi hivyo. Ndivyo shaka inavyofanya kazi. Ukishaifungulia mlango imtafute mmoja, inamaliza ukoo.

Sasa swali lako. Siku ya sikukuu nilimfuata padre nikamwuliza, mwanamke yule ni nani hasa? Alisema Kanisa linamwona Maria pale, na linaliona taifa la Mungu, na linajiona lenyewe likiteswa, na kwamba ishara moja inaweza kubeba watu wengi bila kumwangusha mmoja. Jirani yetu Msabato yeye anakataa. Anasema ni kanisa tu, na akaniuliza, kama ni Maria, mbona anapiga kelele za uchungu, wakati ninyi mnafundisha alizaa bila uchungu? Hoja yake ilinikaa kichwani, sitaidharau. Nilimpelekea padre, akasema yapo machungu ya chini ya msalaba. Huenda. Mimi naamini ni Maria kwa sababu ndivyo nilivyolelewa, na sijui zaidi ya hapo. Lakini tangu jioni ile uani, nikisikia mwanamke aliyevikwa jua, namwona pia bibi mmoja ananuka moshi, ameomba kitambaa. Kama nakosea, Mama Maria mwenyewe atanisamehe; alijua kukimbia na kukosa nyumba.

Kwa hiyo, Agnesi, shika haya. Mtu akikufafanulia maono ya mbinguni, msikilize, kwa sababu anaweza kuwa na la kweli, kama Gervas alivyokuwa na la kweli kuhusu mwezi. Lakini ufafanuzi wake ukianza kuteremka, ukatoka mbinguni ukaingia mtaani, ukaja mpaka kwenye mlango wa jirani yako, hapo simama. Ushuku. Umshuku hata akiwa na machozi. Mtumishi wako wa kwenye simu hamjui mama mwenye nyumba wako. Wewe ndiye uliyemwazima sura yake. Na ukitaka kushuku, anza na shaka yenyewe, uiulize ilikujaje na nani aliileta. Soma mbele ya pale watu wanapopenda kukomea. Mbele kidogo utakuta joka linatema maji kinywani kama mto ili limzamishe yule mama, na ardhi ikafumbua kinywa chake ikaumeza mto wote. Wote tunapenda kumtafuta joka. Sijaona mtu anayegombania kuwa ardhi. Wewe uwe ardhi, mwanangu. Neno baya likikufikia, limeze, lifie kwako, lisipite kwenda kwa mwingine. Wahenga walisema ulimi hauna mfupa, lakini unavunja mifupa.

Na mama mwenye nyumba, sijui moyo wake. Sitakudanganya kwamba namjua. Labda ana kijicho, watu wapo. Labda anatazama tumbo lako kwa sababu lake halikushika, au lilishika na hakubakiwa na mtu. Muulize. Ukiogopa uji, usinywe, kukataa chakula si dhambi. Lakini mrudishie bakuli limeoshwa, kwa mkono wako, na umwamkie shikamoo. Na kliniki usikose hata siku moja. Hilo si shaka, ni akili.

Mungu akufunike wewe na aliye tumboni mwako. Mama Maria, aliyejua njia ya hofu na mimba, atembee nawe kwenye ngazi hizo za mawe. Mtoto wako azaliwe mahali ambapo hakuna anayehesabiwa kwa rangi ya macho yake, na kama mahali hapo hapajapatikana bado, basi aanze yeye, na baraka za bibi yako Koleta aliyelala zimfikie. Amina.

Deo amerudi, upepo umetulia kidogo. Jioni hii tumekula ugali na sato wa kuchemsha, na mlenda. Baba yako ameomba kichwa cha samaki, nikampa.